Bastola Mpya na Kopo la Risasi Kongwe

Hukumu ilitoka kabla ya saa nne asubuhi. "Hii irudisheni mlikoinunua," Ami alisema. Aliiweka bastola mezani taratibu, mtutu ukiangalia tuta la mchanga, komeo liko wazi, magazini, kile kibweta cha risasi, imetolewa na kulazwa kando, kama alivyotufundisha sote. "Mtoto ametoa akiba yake yote, akapewa chuma kisichoweza hata kutema ganda lake."

Mtoto mwenyewe ni mwanamke mzima, mfamasia, binti wa nduguye Ami. Alikuwa amesimama nyuma yetu, vizibo vya masikio vinaning'inia shingoni, na mimi sikuweza kumtazama usoni, kwa kuwa aliyemshauri anunue bastola ile ni mimi.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu Jumamosi ile nilikaribia sana kukubaliana na Ami. Bastola ilikuwa imekwama mara 11 katika risasi 50. Ukiambiwa hivyo tu, bila kuwapo, nawe utasema ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ilichukua asubuhi nzima na wiki moja zaidi kuujua ukweli, na ninaamini bastola nyingi za .22, yaani za risasi nyembamba ya kipenyo cha inchi 0.22 hivi, hapa Pwani huuzwa kwa hasara au hulazwa sefuni kwa kosa ambalo si lake bastola.

Tuanze na yenyewe. Ni Ruger Mark IV Target, ile ya mtutu mnene wa inchi 5.5, yaani milimita 140 hivi, ya chuma kilichotiwa weusi. Inabeba risasi 10 kwenye magazini, na uzito wake mtupu ni kama kilo 1. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza mwaka 1949 kwa bastola ya umbo hilihili, na ukiiweka ile ya kwanza kando ya hii utaona ni bibi na mjukuu. Sehemu ya juu ni bomba tu, na ndani ya bomba kuna komeo la mviringo linalokwenda nyuma na kurudi mbele. Bomba lenyewe halisogei. Saiti ya mbele na ya nyuma, vile vidude vya kulengea, zimekaa kwenye chuma kimoja kisichotikisika, na kwa anayejifunza shabaha ya mita 25 hilo ndilo la kwanza ninalolitafuta.

Walioshika Mark II au Mark III wanaijua adha ya kuzifungua. Kuivua ni kazi ndogo. Kuirudisha ndiko kulikowatoa watu jasho, kwani nyundo ya ndani isipolala mahali pake hasa, chemsha bongo inaanza upya. Mark IV, iliyotoka 2016, iliondoa taabu hiyo. Ukishahakikisha haina kitu, ukaikoki na kuweka kizuizi cha usalama, unabonyeza kitufe kimoja kilicho nyuma, na sehemu ya juu inainama mbele kama kifuniko cha kasha. Kwetu hilo si anasa. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevunyevu, na chuma cheusi kikiguswa kwa kidole chenye jasho, haipiti muda kinaonyesha kutu palepale kidole kilipotua. Bastola inayofunguka kwa urahisi husafishwa. Ile ngumu mwenyewe huiahirisha, leo kesho, mpaka mtutu unaota kutu.

Nitaje na jambo moja la usalama, hasa kwa atakayenunua Mark IV iliyokwisha kutumika. Juni 2017 kampuni yenyewe ilitangaza kwamba katika zile za mwanzo, mtu akivuta triga huku kizuizi cha usalama kikiwa kimesimama katikati, si huku wala kule, bastola ingeweza kufyatuka baadaye kizuizi kitakaposukumwa kuelekea upande wa kufyatua. Zilirudishwa kiwandani na kurekebishwa. Namba za zilizohusika zilianza kwa 401 au WBR. Yetu haikuwa miongoni mwao. Tulihakikisha kabla ya kulipa.

Habari za cheti sitazirefusha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha zina taratibu zake, na binti alizipitia zote kwa subira. Usiku wa kuamkia Jumamosi aliifungua bastola mbele yangu, akafuta mafuta mazito ya kiwandani, akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, akapaka komeo mafuta mepesi kidogo tu. Nilining'iniza mizani kwenye triga: iliachia kilo 2 na ushee. Kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mashindano ya shabaha, kwa bastola ya mita 25 zinataka triga isipungue kilo 1, bastola isizidi kilo 1.4, na mtutu usizidi milimita 153. Kwa hiyo kikanuni alikuwa salama, ila triga ni nzito kwa kidole kilichozoea wepesi wa bastola kongwe ya klabu yetu ya shabaha. Niliandika hilo daftarini, tukalala.

Uwanja wetu uko bara la kaskazini, ukishavuka daraja la Nyali na kuendelea. Ilikuwa Februari, kaskazi inavuma polepole, jua la saa mbili tayari linauma shingo. Binti alikuja na boksi mbili mpya za risasi za mwendo wa kawaida, 50 kila moja. Ami alipoziona akamzuia. "Hizo ziweke kwa mashindano, mwanangu. Mazoezi tutumie za stoo, zimelipiwa zamani." Yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo, kazi anayoifanya kwa kujitolea tangu sote tulio pale tulipokuwa wanafunzi wake. Akaleta kopo la bati lililojaa risasi zisizo na boksi, akalimimina kwenye sahani ya plastiki. Lilikuwa tendo la upendo, na nalisema hivyo nikijua kilichofuata.

Risasi ya tatu haikulia. Ta, basi.

"Simama papo hapo," nikamwambia. "Mtutu mbele. Usifungue. Hesabu thelathini." Wako wanaoona kanuni hii ni ya woga. Baruti iliyochelewa kuwaka haina adabu, na risasi ya .22 ikilipukia nje ya chemba, lile tundu inamokaa ikingoja kugongwa, hurusha vipande vya shaba usoni. Akahesabu, akafungua, akaitoa. Ya saba, hivyohivyo. Ya kumi na moja ililia kwa sauti ya kinyonge, na ganda lake likabanwa na komeo mlangoni, limesimama wima kama bomba la moshi. Kufikia 50 tulikuwa na sita zisizolia, maganda manne yaliyobanwa, na risasi moja iliyojikita mdomoni mwa chemba pua yake ikiwa imepondeka. Kwenye karatasi, matundu yalikuwa yametawanyika kuliko upana wa sinia, mengi yakiwa juu.

Hapo ndipo Ami alipotoa hukumu.

Nikaomba ruhusa ya kuziangalia zile sita. Inafaa nieleze risasi hizi zilivyo, maana kisa kizima kimefungwa humo. Katika risasi kubwa, kama za milimita 9, fataki ni kidude kilichopachikwa katikati ya kitako, na pini ya bastola hukigonga hapo. Risasi ya .22 haina kidude hicho. Ni ufundi wa zamani zaidi: aina yake ya kwanza, .22 fupi, ilitoka 1857, na hii ndefu tunayoitumia leo ilianza 1887. Kitako chake kina ukingo uliokunjwa, wenye uwazi mwembamba ndani, na dawa ya fataki hutiwa ikiwa majimaji kisha ikasambazwa mpaka ijae ukingo mzunguko mzima. Pini hugonga ukingo, ukingo unajifinya, dawa inawaka, baruti inafuata. Dawa isipofika sehemu moja ya mzunguko, au ikikaukia pembeni na kudondoka, au ikiingiwa na unyevu, pini yaweza kupiga barabara na kusitokee kitu.

Nikazipanga zile sita mezani, vitako juu. Kila moja ilikuwa na bonde safi, lenye kina, pembeni kabisa ya ukingo. Pini ilikuwa imefanya kazi yake. Nikamwomba binti azirudishe moja moja chembani, lakini azizungushe ili pini ipige upande mwingine. Nne zililia. Mbili hazikulia kabisa.

Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kwanza, na haukuwa unamshtaki aliyeshtakiwa.

Nikafanya haraka, nikakosea. Nikachukua boksi jipya la binti, nikajaza magazini, nikampa. Nilitaka Ami aone mara moja. Katika risasi 10 za kwanza kutoka boksi jipya, mbili zilikataa. Ami hakunicheka. Alisema tu, "Waona?" na sauti yake ilikuwa ya mtu anayehuzunika kwa ajili ya mtoto wa nduguye. Nikawa sina la kujibu. Nakumbuka niliitazama ile bastola nikafikiri: labda kweli nimempotosha.

Nilichokisahau ni hiki: nilibadilisha risasi bila kuondoa kilichoachwa na zile za kwanza. Kichwa cha risasi hizi ni madini ya risasi matupu, yamepakwa nta au mafuta mazito ili yasisugue mtutu. Nta ile ikikaa katika joto hulainika, ikatiririka, ikashika vumbi. Nikabonyeza kitufe, sehemu ya juu ikainama, nikavuta komeo na kuchungulia. Mdomoni mwa chemba kulikuwa na pete ya kijivu, nta iliyochanganyika na madini na masizi, kama uji ulioganda ukingoni mwa sufuria. Risasi, hata iliyo njema, haikuwa inaingia mpaka mwisho. Ilibaki imechomoza unywele tu. Pini ikiigonga, nguvu ya kwanza inaishia kuisukuma mbele badala ya kuufinya ukingo, na kilichobaki hakitoshi kuiwasha. Kuta za magazini nazo zilikuwa zinanata, na risasi zikinata hazipandi kwa wakati; ile iliyopondeka pua bila shaka ilikufa kwa njia hiyo.

Tukasafisha kwa brashi na kitambaa, magazini tukaifuta ndani, komeo likapata tone la mafuta. Haikuchukua dakika 10, na hapo nilikishukuru kile kitufe. Kisha risasi 40 zilizobaki katika boksi jipya. Zote zililia. Ilikwama mara moja tu, na sababu yake tuliijua papo hapo: magazini hii ina kitufe pembeni cha kushusha springi wakati wa kujaza, na binti alikishusha chote kwa mkupuo, risasi zikadondoka humo ovyo, ukingo wa ile ya juu ukaingia nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Risasi yenye ukingo hutaka ukingo wa juu uwe mbele ya ule wa chini, basi. Ukishusha kitufe kidogo kidogo, risasi moja baada ya moja, zinajipanga zenyewe.

Lilibaki swali moja ambalo bila jibu lake Ami angekuwa na haki ya kuendelea kushuku. Kama kopo ni bovu, mbona bastola kongwe ya klabu imekuwa ikilitumia? Tukaileta, tukaipa risasi 10 kutoka kwenye kopo lilelile. Mbili hazikulia. Kijana aliyekuwa kwenye mstari wa pembeni akasema, bila kujua tunachokichunguza, "Hiyo ndiyo kawaida yake, Mwalimu, unazizungusha tu." Na kweli. Sote tulikuwa tukizizungusha. Tuliyaita yale maradhi ya uzee wa bastola ile, tukayasamehe, kama unavyomsamehe mzee anayerudia hadithi. Bastola mpya ilipofanya hivyohivyo hatukuwa na udhuru wa kuipa, tukaiita mbovu.

Kumwambia Ami lilikuwa jambo zito kuliko yote ya siku ile. Si mtu wa kukosolewa mbele za watu, na zaidi ya yote kopo lile alilitoa kwa mapenzi. Nikamwita pembeni, chini ya mvinje.

"Ami, niwie radhi. Nataka kukuuliza habari za stoo."

"Uliza."

"Lile kopo hukaa wapi?"

"Chini kabisa, upande wa ukuta wa nyuma." Akanyamaza kidogo. "Ule unaotoka jasho wakati wa masika."

Nikamwekea risasi tano kiganjani. Alivaa miwani akazigeuza geuza. Tatu kati yake zilikuwa na ile kutu ya kijani ya shaba pale kichwa kinapokutana na ganda, na zote zilikuwa na unga mweupe wa nta iliyoyeyuka na kuganda tena. Alizisugua kwa gumba, akanusa kidole.

"Hizi zilinunuliwa mtoto huyu hajaingia sekondari," akasema. Kisha, baada ya muda: "Nilidhani risasi ni kama mchele, ukizifunika hazina neno."

Sikuongeza neno. Risasi zilizofungwa vizuri, mahali pakavu na pa baridi, hudumu miaka mingi sana. Ami hakuwa amekosea kimsingi. Ila stoo yetu si pakavu wala si pa baridi. Kopo halikuwa na mpira wa kuziba, lilifunguliwa na kufungwa misimu mingi ya kusi na kaskazi, na kila lilipofunguliwa lilivuta hewa mpya ya bahari.

Hapo kisa kingeweza kuisha, na nusu ya waliokuwepo walidhani kimeisha. Risasi zililia zote, sawa, lakini karatasi haikupendeza. Hata kwa boksi jipya matundu yalikuwa juu, na machache yalitoroka chini kushoto. Binti alitaka kuigeuza skrubu ya saiti ya nyuma. Nikamkataza. Saiti hurekebishwa pale matundu yanapokuwa kundi moja mahali pamoja. Yakiwa yametawanyika unarekebisha upepo.

Zile risasi mbovu, pamoja na hasara yake yote, zilikuwa zimetufanyia jambo moja la thamani, nami sikulitambua mpaka nilipokuwa narudi nyumbani jioni. Kila risasi ilipokataa kulia, nilikuwa nimesimama ubavuni mwake nikiutazama mtutu. Risasi ikilia, bastola hurukaruka yenyewe na huwezi kuona mkono ulifanya nini. Isipolia, mkono unabaki uchi. Mtutu wake ulikuwa unachovya chini kushoto, kiasi cha upana wa kidole, sekunde ileile ya ta. Alikuwa anaukabili mshindo kabla haujaja. Watu hushangaa kwamba mtu aweza kuiogopa .22. Teke lake si kitu: kichwa cha gramu 2.6 kwa mwendo wa mita 326 kwa sekunde, kama kiwanda kinavyoandika kwa risasi za mwendo wa kawaida, kina nguvu ya jouli 138 hivi, na mwendo huo hupimwa kwa mtutu mrefu wa bunduki; kwenye bastola unapungua. Risasi ya milimita 9 huwa na zaidi ya mara tatu ya hizo. Lakini kadiri bastola ilivyozidi kukwama, ndivyo mkono wake ulivyozidi kuingiwa na wasiwasi wa kama italia au haitalia, na wasiwasi ule ulichovya mtutu kuliko mshindo wenyewe. Na triga ya kilo 2 inampa mwenye wasiwasi nafasi ndefu ya kuharibu.

Kuhusu yale matundu ya juu, sababu ilikuwa mpini. Hii Mark IV Target ina mpini uliolala nyuma sana, umbo linalofanana na la Luger ya Wajerumani. Bastola kongwe ya klabu, aliyojifunzia, mpini wake umesimama zaidi. Kuna jaribio rahisi lisilohitaji risasi: shika bastola tupu, fumba macho, inua mkono mpaka kimo cha shabaha, fumbua. Alipofumbua, saiti ya mbele ilikuwa imesimama juu ya ile ya nyuma kama mnara juu ya paa. Kifundo chake cha mkono kilikuwa bado kinaishika bastola ya zamani. Akiwa na nguvu na utulivu aliirekebisha kwa macho, akakikunja kifundo. Akichoka, kufikia risasi ya sita au ya saba, kifundo kilirudi katika mazoea na saiti ikapanda. Ndiyo maana mwanzo wa kila magazini ulikuwa afadhali kuliko mwisho wake.

Wiki ile yote hakupiga hata risasi moja. Alifanya mazoezi nyumbani, kila usiku dakika 15, bastola tupu, chumba kisicho na risasi hata moja, mlango umefungwa. Bastola za .22 kwa kawaida hazipendi kufyatuliwa tupu, maana pini hugonga ukingo wa chemba na kuutia bonde. Kitabu cha Ruger kinaruhusu kwa Mark IV madhali kile kizuia-pini kimo mahali pake, lakini nilimpa hata hivyo vile vibomba vya plastiki vya manjano wanavyotumia mafundi kushikia skrubu ukutani. Vinaingia chembani vizuri kabisa, pini hugonga plastiki, na vinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kwanza kufumba macho na kuinua, mpaka saiti ijipange yenyewe. Kisha kuvuta triga huku saiti ya mbele ikibaki imetulia. Wiki moja ni muda mfupi, na sikumwahidi miujiza.

Jumamosi ya pili tulianza mezani, bastola imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, boksi jipya la pili. Nilipiga mimi, ili mkono wake usiingie katika hesabu. Matundu 10 yalitosha ndani ya duara la sentimita 5, ambalo ndilo duara la alama kumi kwenye shabaha ya mita 25. Kundi lilikaa sentimita tatu kushoto ya kitovu. Hapo ndipo tulipoigusa saiti kwa mara ya kwanza, ya nyuma, kuelekea kulia kidogo, tukajaribu tena, tukaiacha.

Akasimama yeye, mkono mmoja, kama mashindano yanavyotaka. Nilimchanganyia kibomba cha plastiki kimoja ndani ya kila magazini, isipokuwa ya mwisho, bila yeye kujua ni cha ngapi. Nikakijaza kwa mkono wangu. Mara ya kwanza kilipofika, mtutu ulichovya, naye akauona kabla sijasema. "Nimeiona, Mwalimu." Mara ya tatu ulitulia. Boksi lile la risasi 50 liliisha na bastola haikukwama hata mara moja.

Basi hisia zangu za mwanzo kuhusu bastola hii, zile ninazoweza kuzisimamia sasa, ni chache. Mtutu wake una shabaha kuliko mikono mingi itakayoushika. Kitufe cha kuifungulia, kwa mtu wa Pwani, kina thamani kuliko mapambo yote ambayo wangeweza kuitia. Triga inatosha kujifunzia, ila akifika daraja la mashindano ya nje ataiona kuwa mzigo, na wakati huo ataipeleka kwa fundi mwenye leseni. Mpini uliolala utamsumbua yeyote anayetoka kwenye bastola ya mpini uliosimama, kwa muda, na asiye tayari kuubadilisha mkono achague toleo la 22/45 ambalo mpini wake umesimama. Kuhusu kukwama, sina la kuishtaki.

Kopo halipo tena stooni. Ami mwenyewe alizihesabu risasi zilizobaki, akaziandika daftarini, akazikabidhi kituo cha polisi ili ziharibiwe kwa utaratibu. Amepata makasha ya plastiki yenye mpira wa kuziba, ameyapandisha rafu ya juu, na juu ya kila boksi ameandika mwezi na mwaka kwa kalamu nene.

Binti ameibandika karatasi ya Jumamosi ya pili ndani ya mlango wa kabati lake. Katika magazini ya mwisho, matundu manane kati ya 10 yako ndani ya duara jeusi la katikati. Mawili yako chini kushoto. Hayo mawili ni ya mkono, na ndiyo tunayoyafanyia kazi Jumamosi ijayo.